Sanduku la Kufuli Tatu

Sanduku lilipoletwa nyumbani, mume wangu alilipokea kama mtu aliyekabidhiwa wizara. Alivaa shati la Jumapili siku ya Alhamisi, akasimama mlangoni, akawakaribisha akina mama waliolibeba, kisha akanyoosha mkono kuomba funguo.

Hakupewa. Mama Prezida wa kikundi chetu alimweleza taratibu, kwa ile sauti anayotengewa shemeji mkaidi, kwamba funguo hazilali na sanduku. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake zinashikwa na wanawake watatu wa nyumba tatu mbalimbali, na hakuna kati yao mwenye cheo kingine kwenye komite. Mimi niliyechaguliwa kulitunza nina sanduku bila ufunguo. Wao wana ufunguo bila sanduku. Prezida mwenyewe hana hiki wala kile. Ana filimbi.

"Basi mkubwa wa hapo ni nani?" akauliza mume wangu.

Wanawake wakatazamana. "Shemeji," Mama Prezida akasema, "hilo ndilo swali tunaloliepuka."

Kwa asiyevijua vikundi hivi vya kuweka na kukopa, huku Kivu tunaviita AVEC. Mpango wenyewe ulianzia mbali, Maradi nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, ndiyo maana hautegemei sana karatasi. Kila mkutano mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kijitabu chake. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na anayekopa anakopa mbele ya wote, kwa kawaida asizidishe mara tatu ya alichoweka. Pembeni kuna mfuko mdogo wa msiba na ugonjwa. Mkutano ukiisha, kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti na kila mtu anakikariri. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuulizana, tuliacha ngapi? Mzunguko ukitimia, miezi tisa au kumi na miwili, kila mmoja anapata alichoweka pamoja na faida, na sanduku linaanza upya likiwa tupu. Ukitafakari, ni serikali nzima ndani ya bati, ila humu mwizi amepewa kazi ngumu.

Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi, na injini zinamtii kuliko watoto wake. Si mkali. Anapenda tu mambo yawe rasmi. Tangu amri ya mwaka 2013 iliyoipandisha Baraka yetu kuwa mji, amekuwa akisema kwamba nyumba za mjini haziendeshwi kama nyumba za kijijini. Kwa hiyo usiku uleule, sanduku lilipokwisha kusukumwa chini ya kitanda, aliitisha kikao. Nyuma ya kalenda akachora utawala wa nyumba: yeye prezida, kijana wetu wa kwanza mkuu wa usalama, binti anayemfuata sekretere, kitinda mimba, ambaye alikuwa hajaanza shule, mjumbe, na Koko, yaani mama yake mzazi, mshauri wa heshima. Nililitafuta jina langu nikalikuta chini kabisa, pembeni: "mlinzi", na alama ya kuuliza mbele yake.

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa na vyeo na pipa halikuwa na maji. Mkuu wa usalama alisema kuteka maji si kazi ya usalama. Sekretere aliandika kwamba mkuu wa usalama amekataa. Mjumbe alitumwa kuwaita wote wawili, akapotelea kwa jirani kulikokuwa na mandazi. Jumamosi, watu wa avenyu yetu walipotoka kwenda salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, kila nyumba na jembe lake, nyumba yetu ilipeleka ripoti. Nikajitwika dumu mwenyewe. Koko alikuwa uani anatwanga sombe. Bila kuinua macho akasema, "Mshauri anashauri prezida abebe dumu la pili."

Prezida alilibeba. Kwa mama yake hana ubishi.

Mimi sikujifunza kuongoza kwenye mchoro. Nilijifunza kwenye mstari wa maji. Vita vya 1996 vilituvusha Ziwa Tanganyika hadi Kigoma pamoja na maelfu ya Wabembe wenzetu, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo upande wa Kasulu, ikawa kijiji chetu kwa miaka. Bomba lilikuwa na saa zake. Madumu yalipangwa tangu gizani, kisha wenyewe wakaenda kwenye mgao wa unga, kwa mgonjwa, au kutafuta kuni. Dumu ndilo lililosimama badala ya mtu. Nilipewa kuusimamia mstari wa upande wetu nikiwa bado msichana, si kwa sababu ya akili bali kwa sababu ya sauti. Waliokuwepo hawakunisumbua sana, maana mtu aliyepo anajitetea mwenyewe. Kazi ilikuwa dumu la yule mama ambaye hakuwepo. Kila aliyefika alilisogeza nyuma kwa mguu, kidogo tu, huku akitazama juu kama anayetafuta ndege. Nami nililirudisha. Nilitukanwa kwa Kibembe, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa cha mwalimu mmoja ambaye sikumtegemea. Tangu siku hizo nina kipimo changu cha kiongozi na sijakibadilisha: sitazami anavyowatendea walio mbele yake, kwa sababu hao wana macho. Natazama zamu ya asiyekuwepo.

Warejeao walipoanza kuletwa kwa meli hadi Baraka, kuanzia 2005, watoto waliozaliwa kambini walimwamkia kila mtu "shikamoo" na wenzao wa hapa wakawacheka. Mimi nilirudi na sauti ileile, na nadhani ndiyo iliyoniletea sanduku.

Halafu ikaja 2024, na ziwa likapanda. Halikupanda kwetu tu. Bujumbura, Uvira, Kalemie, Kigoma, kote maji yalimeza barabara na nyumba za ufukweni. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie, na mvua zikizidi mfululizo mlango huo hautoshi. Koko hakushangaa. Alikwisha kuyaona mwaka 1964, akiwa mtoto wa kike wa kutumwa, maji yalipofika mahali ambapo watu walikuwa wamesahau kwamba ni mali ya ziwa. "Mwaka ule," husema, "maji na waasi wa Simba waliingia pamoja. Simba waliondoka kwanza."

Sisi tulikaa karibu na maji kwa ajili ya kazi ya injini. Usiku maji yalipotufikia, mvua ilikuwa imeshika milimani, mto Mutambala unanguruma, nami niliamshwa na kandambili yangu iliyokuwa ikigonga mguu wa kitanda. Ilikuwa inaelea.

Prezida alisimama juu ya kitanda. Sisemi kwa ubaya, ndipo palipokuwa pakavu. Akiwa juu pale na tochi ya simu akaanza kutoa amri, na zilikuwa amri nzuri za mtu anayeyajua maji: injini zitolewe kwanza, unga upandishwe darini, kuku wafunguliwe. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba zote ziliwahusu watu waliosimama ndani ya maji. Mkuu wa usalama akauliza aanze na ipi. Sekretere alikuwa ameokoa daftari la vikao. Mjumbe alikuwa amelala juu ya meza na mpaka leo hatujui nani alimweka. Koko alikwisha kulivuta sanduku na kulikalia.

Hilo sanduku ndilo lililokuwa na haraka kuliko sisi sote. Bati lake lilikuwa na mwanya kwenye pembe, na ndani, mbali na falanga, mlikuwa na dola. Anayeishi kwetu anajua. Falanga iliyolainika kama kitambaa cha kuinulia chungu inapita sokoni bila neno. Dola yenye doa, au iliyochanika pembeni mpasuko wa kucha, ni karatasi: muuzaji anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anakurudishia kwa huruma. Mgao wetu ulikuwa karibu. Mle ndani mlikuwa na ada za shule, nyavu, mabati, na mahari ya mtoto wa mtu.

"Nyundo," mume wangu akasema, akashuka kitandani, nasi tukaelewa kwamba jambo limekuwa zito. "Tuvunje kufuli, tutoe fedha, tuzifunge ndani ya plastiki. Kesho nanunua kufuli mpya kwa mfuko wangu."

Hoja ilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulionitisha. Washika funguo tuliwaita Moja, Mbili na Tatu, kwa alama za rangi ya kucha tulizopaka kwenye kufuli zao. Moja alikuwa mtaa wa pili akipambana na maji yake. Mbili alikuwa Lusenda, amepeleka ndagala kuuza karibu na kambi ya Warundi. Tatu alikuwa Fizi, juu mlimani, kwenye msiba wa mjomba wake. Nikayaona madumu matatu yamesimama mstarini, na wenyewe hawapo.

"Baba watoto," nikamwambia, "tukilifungua usiku huu fedha zitapona na kikundi kitakufa. Kesho nitasema zilikuwa kiasi fulani. Nani aliona?"

"Mimi niliona!"

"Wewe ni mume wangu."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema, na akairudisha nyundo mahali pake, chini ya maji.

Nikaleta beseni la kuoshea ndagala, kubwa kuliko yote tuliyonayo. Tulipoliweka sanduku ndani na kulifunika turubai, likaelea sawasawa, tena kwa utulivu kuliko mitumbwi mingine ya hapa. Kijana akavuta kwa kamba, mimi nikasukuma. Mume wangu akambeba mjumbe mabegani, na kwa kuwa hawezi kutembea bila kuamuru, akaanza: kushoto, simameni, kulia, hapo kuna shimo. Safari hii kila neno lilikuwa na kazi. Miaka yote amepita njia ile na injini begani na anakijua kila kifereji chake hata kikiwa kimefunikwa. Nilimfuata kama mtoto. Koko alifunga msafara ameshika jogoo miguu juu, na hakutaka msaada wa mtu.

Tulikwea mpaka kwenye baraza ya kanisa, palipoinuka. Wengi wa kikundi walikuwa wamekwisha kufika na magodoro yao. Mama Prezida alikuwa amelowa kuanzia kitambaa cha kichwa.

"Kufuli?" akauliza.

"Tatu."

Akapuliza filimbi, saa nane za usiku, na watu walioamka hawajamsamehe.

Asubuhi Moja alikuja na ufunguo shingoni. Mchana Mbili akashuka kwenye pikipiki kutoka Lusenda. Kwa Tatu tulipata simu: barabara ya Fizi imegeuka tope, malori hayashuki, na matanga hayajavunjwa. Tukabaki na kufuli moja na harufu ya fedha zenye unyevu. Hapo ndipo wanaume wa avenyu walipounda komite ya dharura, na sihitaji kusema nani aliiongoza. Hoja yao ilikuwa kwamba funguo mbili kati ya tatu ni wengi, na wengi wakikubali basi kufuli ya tatu ivunjwe; ndiyo demokrasia. Mmoja akaongeza kwamba hata kwa mila yetu, shauri kama hili lingekatwa na wazee wanaume kwenye lubunga, kikao chao, si na akina mama kwenye baraza.

Koko hupenda sana mtu anapoitaja mila. Alimkumbusha kwamba Wabembe hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwaamuru wote. Ni wakoloni waliotafuta mtu mmoja mmoja wa kumwita shefu, wapate wa kumdai kodi. Wazee walikaa mpaka wakapatana, na kupatana si kuhesabu vichwa. Na kuhusu wanawake, akawataja Walega, jirani zetu ambao bwami yao, chama cha jadi chenye ngazi zake, inajulikana zaidi: mwanamume hakufika ngazi za juu za bwami bila mke wake kupanda pamoja naye. "Sasa ninyi," akasema, "wake zenu wako juu na ninyi mko chini mnadai ngazi."

Kisha akauliza jina la huyo asiyekuwepo. Tukamwambia, Tatu. Akacheka mpaka akashika ubavu.

Aprili 1965, alituambia, Wacuba walivuka usiku kutoka Kigoma wakashukia Kibamba, kwenye ufukwe wetu huu wa Fizi, kuja kuwasaidia waasi. Walipewa namba za Kiswahili kuwa majina yao. Moja alikuwa kamanda aliyeonekana, mtu mweusi, Víctor Dreke. Mbili alimfuata. Tatu alikuwa mzungu mwenye pumu, akatambulishwa kama daktari na mkalimani. Ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote, Che Guevara. Alijiweka kwenye namba ya tatu ili asijulikane. Wakakaa wakimsubiri kiongozi wa upande huu, Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa ng'ambo. Alifika Julai, akasema vizuri, watu wakafurahi, na baada ya siku chache akavuka tena. Novemba Wacuba nao wakavuka wakaenda zao. "Amri zilikuwa zinakuja kwa mtumbwi," Koko akasema. "Mwenye amri hakuja. Zilifika zimelowa."

"Lakini Kabila alikuja kuwa prezida wa nchi nzima!" mume wangu akasema. Ni kweli: baadaye alijenga ngome yake ya waasi Hewa Bora, kwenye milima yetu hii, na Mei 1997 akaingia Ikulu.

"Miaka thelathini na miwili baadaye," Koko akamjibu. "Dola za wenzako zitasubiri hivyo? Yule alikuwa na ukubwa, hakuja. Huyu wetu hana ukubwa, ana ufunguo. Mtu apande amfuate."

Ukawa kimya. Njia ya Fizi siku ile haikuwa ya kumtania mtu. Mume wangu alitazama ziwa, akatazama mlima, akamtazama mama yake. Akavua viatu vizuri, akaazima pikipiki, akaondoka bila cheo chochote. Mjumbe wetu, alipoelewa kwamba baba anatumwa, alilia sana: ile ilikuwa kazi yake.

Tulilala na sanduku katikati yetu, kwa zamu. Si kwamba tuliogopa wezi kuliko tulivyoogopana, na sioni aibu kulisema. Kikundi kinachojua kwamba watu wake ni watu hudumu kuliko kinachowaita malaika.

Walirudi kesho yake jioni, wamepakwa tope mpaka nyusi, Tatu na kitenge chake cha msiba, pikipiki ikisukumwa. Walisema mahali pengine ni pikipiki iliyowapanda wao. Mama Prezida hakumruhusu Tatu hata anawe uso. Kufuli tatu zikafunguliwa kwa mpangilio, na kabla kifuniko hakijainuliwa akauliza swali la kila mkutano, na sote tukalitaja jibu kwa sauti moja, hata watoto waliokuwa wamekariri kwa kutusikia. Wahesabu wakahesabu mara mbili. Haikupungua falanga.

Dola ndizo zilizoumia. Kitita cha chini kilikuwa kimeingiwa na maji, na noti kadhaa zilikuwa na ramani ya kutu. Macho mengine yalinigeukia mimi. Mama Prezida akainuka akasema noti zile zihesabiwe kwenye hisa zake yeye, maana yeye ndiye aliyekubali sanduku lipelekwe nyumba ya pwani. Mtu wa nje angepiga makofi. Mbili, ambaye huwa hasemi, akakataa. Alisema leo prezida akilipa madoa yetu, mwakani hatutaweza kumwambia amekosea. Atakuwa ameshanunua sanduku. Walibishana mpaka giza. Mwishowe madoa yakagawanywa kwa hisa, mwenye hisa nyingi madoa mengi, na siku ya mgao kila mtu alikwenda na zake kwa wabadilishaji wa fedha, wanaozichukua noti mbovu kwa kuzikata bei. Mama Prezida alinuna wiki nzima. Nadhani Mbili alikuwa sahihi, na nadhani prezida naye alijua, ndiyo sababu ya kununa.

Mume wangu aliwasilisha fakitire: mafuta ya pikipiki, ndara moja iliyobaki topeni, na "gharama za uongozi wakati wa mafuriko". Kikundi kililipa mafuta na ndara kutoka mfuko wa msiba, kwa hoja kwamba alikwenda msibani. Gharama za uongozi zilifutwa, na akatozwa faini ya kukatiza mkutano.

Mzunguko mpya ulipoanza aliomba kujiunga. Alipokelewa, akapewa kijitabu, na sasa ndiye anayechelewa. Sanduku liko kwa mama mwingine, ng'ambo ya barabara kuu, mbali na maji. Mume wangu haamini kwamba linalindwa ipasavyo, na amekwisha kuiandikia komite barua ya kurasa mbili, yenye mchoro. Ameisaini "Mjumbe". Kitinda mimba amekata rufaa kwa Koko.